Namna ya kutumia filamu za habari za zamani kwa dokumentari yako bila kupotosha watu

Wasee wa kamera wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na kwingine huku kwetu, hii ni yenu. Naona watu wengi sai wanatengeneza dokumentari za historia yetu na hio imenifurahisha sana, juu kwa miaka mingi hadithi zetu zilikuwa zinasimuliwa na watu wa mbali. Lakini kuna kitu naiona tena na tena na inaniuma, nayo ni venye tunatumia picha za zamani. Msimulizi anaongea kuhusu Kisumu ya 1969, chini ya sauti yake watu wanakimbia na askari wamebeba bunduki, na ukiangalia vizuri hio barabara ni ya Nairobi na magari ni ya miaka ya themanini. Kijana wa miaka ishirini ataamini. Mzee aliyekuwa pale hataamini, na akishakushika na hio moja, hata ile kweli uliyoitafuta kwa jasho ataitupa.

Kwa hivyo kabla hujafungua kompyuta weka hii kwa kichwa: kila klipu ya zamani ilipigwa na mtu aliyetumwa, na aliyemtuma alikuwa na sababu yake. Kazi yako ya kwanza ni kujua huyo ni nani na alikuwa anataka nani aone. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kabla ya TV watu walikuwa wanaona habari kwa sinema. Kabla filamu kubwa ianze, mnaonyeshwa riili ya habari ya kama dakika kumi hivi, inabadilishwa mara mbili kwa wiki, na ndani kuna vita, mfalme, mbio za farasi, nguo mpya za akina mama, alafu labda dakika moja ya mahali mbali kama Kenya. Pathé walianza ya Uingereza 1910 wakaendelea mpaka 1970, British Movietone ikaanza 1929 ikafika 1979, na Wamarekani walikuwa na Universal Newsreel kutoka 1929 hadi 1967. Hizo ndizo mara nyingi utakutana nazo ukitafuta Kenya ya ukoloni. Sasa fikiria hio dakika moja ilitengenezwa aje: mpiga picha anakuja, mara nyingi na kamera isiyoshika sauti, anapiga, riili inasafirishwa hadi London, na huko mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nyanza anaikata, mwingine anaandika maneno, mwingine anaweka muziki na kelele za umati kutoka kwa rekodi za studio. Zile shangwe unazosikia gavana akishuka kwa ndege zinaeza kuwa hazikuwahi kupigwa na mtu yeyote aliyesimama hapo. Na ule msimulizi anaposema "magaidi" kuhusu watu wa msituni, yaani Mau Mau, baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, anaongea na mtu aliyeketi sinema Manchester, haongei na nyanya yako.

Serikali ya mkoloni nayo ilikuwa na kitengo chake, Colonial Film Unit, kilianza 1939 na kikafungwa 1955, kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za kuonyeshwa Waafrika, za vita, za afya, za kilimo na hivyo. Hizo ni tofauti na za Pathé juu mlengwa ni sisi, lakini mwenye kamera bado ni yule yule. TV ilifika Kenya 1962, na kutoka hapo una picha za VOK (Voice of Kenya), shirika la utangazaji ambalo ndilo KBC ya leo, na za mashirika ya kuuza habari kama Visnews ambayo baadaye ikaingia ndani ya Reuters. Ukitaka kujua Mkenya mwenyewe akishika kamera inakuwa aje, soma kuhusu Mohamed Amin wa Camerapix, yule picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa BBC Oktoba 1984 dunia nzima ikaamka.

Sasa kutafuta. British Pathé waliweka filamu 85,000 YouTube mwaka wa 2014, AP, shirika la habari la Marekani, na Movietone wakafuata 2015 na zaidi ya klipu 550,000, kwa hivyo hata ukiwa Webuye na bando ndogo unaeza anza leo. Shida ni kwamba ukiandika "Webuye" hutapata kitu, juu aliyeandika kadi ya maelezo ya hio riili aliijua kama Broderick Falls. Andika majina ya zamani. Kavirondo, sio Luo wala Luhya. Kavirondo Gulf, sio Winam. Port Florence kama unatafuta Kisumu ya mwanzo wa reli. Thomson's Falls kwa Nyahururu. British East Africa kwa kitu chochote kabla ya 1920. White Highlands kwa mashamba ya upande wa Nakuru. Alafu jaribu na kuandika vibaya kimakusudi, Kisuma, Kissumu, Nakura, juu waliochapa hizo kadi walikuwa wanasikia tu jina kwa simu au kusoma mwandiko wa mtu mwingine. Pia tafuta kwa tukio na sio mahali: ziara, mnada wa ng'ombe, nzige, mafuriko, meli, ufunguzi wa kitu. Kuna pia katalogi ya Colonial Film kwa mtandao yenye maelezo ya filamu zaidi ya 6,000 za makoloni ya Uingereza, chache tu ndizo unaeza kuona hapo hapo lakini maelezo yake ni mazuri sana, soma hata kama huwezi ona picha. Hapa nyumbani kuna KBC na kuna Kenya National Archives pale Moi Avenue Nairobi, na huko nenda mwenyewe na barua inayosema wewe ni nani, unatafuta nini, mwaka gani. Ukienda na "nataka picha za zamani za Kisumu" utarudi mikono mitupu, ukienda na tarehe watakusaidia.

Na usisahau nyumba za watu. Kutoka miaka ya themanini kila mji ulikuwa na watu wa video, wakipiga harusi, matanga, harambee, mashindano ya shule, na ndani ya hizo kanda kuna mitaa, kuna stendi ya magari, kuna wanasiasa wakiongea bila kuchuja maneno. Hakuna shirika la London lina hio. Lakini kanda za VHS zilizokaa karibu na ziwa zinaota ukungu. Kabla uweke kanda kwa mashine, ishike kwa mwanga na uangalie kile kidirisha chake: ukiona unga mweupe pembeni ya utepe, usiiweke. Ukungu utaingia kwa vichwa vya mashine na utaharibu hio kanda na ya jirani yake pia, mpelekee mtu anayejua kusafisha. Kanda ikiwa safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mara moja bila kuplei ndio utepe ulegee, alafu ndio unase kwa kompyuta. Kama ni riili ya filamu na ukifungua kopo unasikia harufu kali ya siki, hio filamu imeanza kuoza, iweke mahali baridi pakavu mbali na zingine na usikawie. Na riili za 35mm za kabla ya 1951 hivi zinaeza kuwa za naitreti, aina ya filamu ya zamani ambayo inashika moto vibaya sana, usiwe na sigara, mshumaa au balbu moto karibu nayo.

Ukipata klipu, itazame mara ya kwanza bila sauti. Kabisa, zima. Sauti ya msimulizi inakuambia wapi uangalie, na ukiizima macho yako yanaanza kuenda pembeni ya fremu ambako mpiga picha hakuwa na mpango. Gavana anasalimiana na machifu katikati, sawa, lakini nyuma kuna mwanamke na mzigo kichwani anapita bila hata kugeuka, kuna askari anasukuma watoto nyuma ya kamba, kuna mtu mmoja hajavua kofia. Hio ndio filamu yako iko hapo. Mara ya pili tazama ukiandika kila shoti, imeanza sekunde gani, imeisha wapi, nini kinaonekana, nini unajua na nini unakisia, na hayo mawili ya mwisho yasichanganywe. Mara ya tatu ndio uweke sauti na uandike msimulizi anasema nini juu ya shoti gani. Utashangaa mara ngapi maneno na picha hazihusiani.

Kupima mwaka na mahali usitegemee kichwa cha klipu. Kuna vitu havidanganyi. Bendera ya Muingereza ikiwa kwa mlingoti, uko kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Namba ya gari ikiwa na herufi mwishoni, hio ni kutoka mwisho wa miaka ya themanini kuja huku, haiwezi kuwa 1969. Gugumaji likiwa limefunika ziwa, tena uko mwisho wa themanini au baadaye, juu kabla ya hapo halikuwepo Ziwa Victoria. Ziwa Nakuru likiwa limemeza miti na barabara, hio ni baada ya maji kuanza kupanda karibu 2010. Angalia mnara wa saa wa Kisumu, angalia vilima, angalia kivuli kimeanguka upande gani.

Na waonyeshe wazee, hii siwezi kuisisitiza vya kutosha. Wakati mmoja nilikuwa na klipu ya mashua imeandikwa tu Lake Victoria, kila mtu alikuwa anasema ni Kisumu. Nikampelekea mzee wa Dunga, hapo Kisumu, aliyevua samaki maisha yake yote. Hakuangalia watu hata kidogo, aliangalia ng'ambo, akaniambia nirudishe, nikarudisha, akasema, "Kijana wangu, hio ni Got Homa. Na imekaa karibu hivyo? Hapa si Kisumu, hapa ni Kendu." Aliona kwa sekunde chache. Lakini kuna namna ya kufanya hii kazi. Usimwambie mzee kwanza kile kadi inasema, mwulize tu, baba, unaona wapi hapa? Mama, hizi nguo zilikuwa za wakati gani? Ukitaja mwaka wewe kwanza atakubaliana na wewe kwa heshima. Na uliza wawili tofauti, kila mtu kwake, wasikae pamoja. Rekodi hayo mazungumzo, juu mara nyingi sauti ya huyo mzee akitambua mahali ndio itakuwa simulizi bora kuliko chochote utaandika, iweke kwa filamu yenyewe.

Haki sasa, na hapa watu wengi wanaanguka. Klipu kuwa YouTube haimaanishi ni ya bure. Universal Newsreel ndio afadhali, ilipewa Nyaraka za Taifa za Marekani (National Archives) na haki zikaachiliwa kwa umma, hio unaeza tumia, ingawa muziki ulio ndani ni vizuri uuchunguze peke yake. Pathé, Movietone, AP, Reuters unalipa. Wanahesabu kwa sekunde au dakika na kuna kiwango cha chini, na bei inategemea unaonyesha wapi, kwa njia gani, kwa miaka mingapi. Laiseni ya tamasha za filamu peke yake ni rahisi kuliko ya TV na mtandao dunia nzima, kwa hivyo kama pesa ni kidogo anza na ya tamasha lakini uliza bei ya kupanda baadaye na iandikwe kabisa kwa mkataba, usingoje mpaka mtu akutake ndio uanze kubembeleza. Waambie wewe ni mtengenezaji huru kutoka Kenya na filamu inahusu watu walio kwa hio picha. Kuuliza punguzo si aibu.

Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inalinda filamu kwa miaka 50 kutoka mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa kwa umma, ile tarehe ya mwisho kati ya hizo. Kwa hivyo kitu kilichotengenezwa na kuonyeshwa 1969 muda wake hapa uliisha na mwaka wa 2019. Lakini tega sikio: nchi zingine zina miaka yao, na filamu yako ikienda tamasha la Uingereza utaulizwa ya huko. Alafu hata haki ikiisha, riili iko kabatini kwa mtu, na mwenye kabati anaeza kukutoza kwa kukufungulia. Matumizi ya kukosoa au kuripoti habari za sasa yanaruhusiwa kwa kiasi na ukitaja chanzo, ila kupamba simulizi yako na klipu ya mtu hakuitwi kukosoa. Ukiwa na swali uliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Na kanda za familia pia zina mwenyewe, andikiana na huyo mama karatasi moja rahisi kwa lugha anayoelewa, asome, apewe nakala yake na umrudishie kanda yake ikiwa na nakala ya dijitali.

Kwa editi fanya hivi. Wakati unapanga hadithi tumia zile nakala za kupima unazopewa kabla ununue, zenye nembo na namba za saa zinazotembea juu ya picha, usizifute, na usibadilishe jina la faili, juu hizo namba ndizo zitakuambia ni sekunde zipi ununue. Ukimaliza kukata ndio unaagiza nakala safi ya hizo sekunde tu pamoja na ziada kidogo kila upande. Umbo la picha liache, za zamani ni nne kwa tatu na ukizivuta zijaze skrini ya leo unakata robo ya urefu, yaani unawakata watu vichwa na miguu, afadhali weusi ubaki pembeni. Ukiona watu wanatembea haraka haraka kama wanachekesha, hio filamu ilipigwa kwa fremu 16 au 18 kwa sekunde na inaplei 24 au 25, irudishe mwendo wake. Hao walikuwa watu wazima wenye heshima zao, wape mwendo wao. Kanda za VHS zina mistari inayopishana watu wakitembea, nasa vile ilivyo na uiweke hio kama asili, alafu toa mistari kwa nakala ya kufanyia kazi. Na hizi programu mpya za kung'arisha picha kwa akili bandia, niwaambie ukweli, sizitaki kwa nyuso. Sura ikiwa ni doa la fremu chache, programu inabuni macho na mdomo ambao haukuwa wa huyo mtu, na kuna familia inaeza kuwa inatafuta huyo mtu. Rangi pia vile vile, ukiweka rangi sema umeweka.

Usiongeze milio ya risasi. Hata chini sana, hata kama unajua zilipigwa. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua ile hospitali watu huita Russia, maneno yakawa makali kati yake na Jaramogi Oginga Odinga wa upinzani, na risasi zikapigwa kwa umati. Serikali ilisema waliokufa ni 11, watu wa Kisumu wamesema tangu siku hio kwamba ni wengi kuliko hao. Klipu yoyote ya siku hio itakuonyesha tu pale kamera ilikuwa imesimama, na kwa mambo kama haya kile kiko nje ya fremu ndio kikubwa. Sasa ukiweka mlio wako na picha ya watu wanakimbia kutoka mwaka mwingine, umempa yule anayetaka kukana sababu ya kukana yote. Kama huna picha, kaa bila picha. Weka sura ya aliyeokoka akiongea, weka barabara ilivyo leo, weka weusi. Hio ina nguvu kuliko kujazia. Hii tabia ya kujazia si ya jana, mwaka wa 1898 Blackton na Smith wa Vitagraph walionyesha Wamarekani vita vya majini vya Cuba na kumbe ni meli za karatasi kwa beseni la maji, na watu wakaamini.

Andika kwa skrini mahali, mwaka, na nani alipiga, mara ya kwanza kila chanzo kinapotokea. Kama ni maigizo, iandikwe maigizo. Na ule usimulizi wa kikoloni, uache usikike pale unataka watu wamsikie mwenye kamera, alafu ukate ghafla uweke ukimya juu ya picha ile ile. Watazamaji watasoma wenyewe. Ukitengeneza kuhusu hotuba ya Mzee Kenyatta kwa masetla pale Nakuru tarehe 12 Agosti 1963, usiishie kwa wale walio ndani ya ukumbi, tafuta familia za waliokuwa wanafanya kazi kwa hayo mashamba na uwape nafasi sawa, juu hakuna kamera ilitumwa kwao.

Picha za ghasia za baada ya uchaguzi, za 2007 na 2008, ni kitu kingine kabisa. Nakuru, Naivasha, Kisumu, Eldoret, watu walio kwa hizo klipu wako hai, wanafanya kazi, watoto waliokuwa wanalia wako chuo. Wengine wanaishi plot moja na mtu aliye kwa klipu hio hio. Mtafute mwenye sura kabla utumie, na kama huwezi kumpata na sura inaonekana wazi, ifunike. Maiti usionyeshe sura, hata kama TV ilionyesha wakati huo. Na usionyeshe kabila moja likichoma na lingine likichomwa alafu uishie hapo, tafuta kilichotokea siku iliyotangulia na mtaa wa pili, juu kila kipande cha hizo picha kilishatumiwa na mtu kuchochea. Kabla ya onyesho la watu wengi, waonyeshe kwanza waliomo, peke yao, mahali ambapo wanaeza toka nje wakitaka, na uwe na mtu wa ushauri nasaha hapo. Na kwa umma filamu yako lazima ipitie Kenya Film Classification Board, panga hio mapema isikupate wiki ya onyesho.

Kwa majina yanayopita mwisho wa filamu andika kila chanzo pamoja na namba yake ya katalogi, kila mzee aliyetambua mahali kama amekubali, kila mwenye kanda. Logi yako ya shoti usiifute kazi ikiisha. Andikia yule mwenye katalogi barua fupi, mwambie klipu namba fulani mmeandika Kisumu, ni Kendu, na sababu ni hii, ndio anayekuja nyuma yako asianze sifuri. Nakala nyingine ya filamu na logi pelekea maktaba ya kaunti au makumbusho ya Kisumu, kwa hard disk mbili, sio moja.